Wapiga muziki wa Mei Mosi nao ni wafanyakazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo lililonikaa rohoni tangu sherehe za Mei Mosi za mwaka huu mkoani kwetu.

Siku ile niliwahi uwanjani kwa sababu sisi wauguzi tulipangwa mbele kwenye maandamano. Nyuma ya jukwaa, chini ya mwembe, nilikuta bendi ya dansi, watu wanane, wengi wao watu wazima, wanafunga nyuzi za magitaa. Walikuwa wamefika tangu alfajiri. Maandamano yakapita, risala ikasomwa, wafanyakazi hodari wakapewa zawadi, mgeni rasmi akahutubia. Muda wote huo tulikuwa tunapigiwa nyimbo za kwenye fleshi. Bendi ilipoitwa ilikuwa saa nane, mgeni rasmi keshaondoka na vijana wanakunja maturubai. Mzee wa tarumbeta ndiyo kwanza anaingia kwenye kipande chake, jenereta likazimwa, mwenyewe analitaka. Yule mzee hakukatiza. Alipuliza bila kipaza sauti hadi kipande kikaisha, mwenzake wa tumba akimfuata, na sisi wachache tuliobaki tukacheza pale pale kwenye vumbi.

Nilipokwenda kumpa mkono nikamuuliza kuhusu malipo. Akasema wameambiwa watapigiwa simu. Karatasi ya makubaliano hawakuwa nayo.

Hapo ndipo nilipoumia. Kila mwezi nakatwa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya chama cha wafanyakazi, na nakatwa kwa moyo mmoja, kwa kuwa chama kinawabana waajiri watoe mikataba ya maandishi na walipe kwa wakati. Mpiga besi tuliyemwita sisi wenyewe kwenye siku ya wafanyakazi, mwajiri wake siku hiyo ni nani kama si sisi?

Wala hili si geni kwa vyama vyetu. NUTA, chama cha wafanyakazi cha taifa, ilipoundwa mwaka 1964 ilianzisha na bendi yake, NUTA Jazz. Ala zilikuwa mali ya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Chama kilipogeuka JUWATA, na baadaye OTTU, bendi nayo ilibadili jina, hadi hii tunayoiita leo Msondo Ngoma. Marehemu Muhidin Gurumo, mwimbaji, alikuwamo tangu mwanzo. Baba yangu, aliyekuwa kuli bandarini Dar es Salaam, alikuwa akisema "bendi yetu" vile vile alivyosema "chama chetu".

Najua hoja ya gharama: dijei ni mtu mmoja, bendi ni watu wanane na gari la vyombo. Lakini fedha za fulana na kofia hupatikana kila mwaka, na fulana ya mwaka juzi mimi nadekia nyumba. Bora tupunguze hizo.

Kamati za maandalizi ya mwakani nawaomba hivi: bendi isaini mkataba mapema, ilipwe nusu kabla ya siku yenyewe, na ipande jukwaani kabla ya hotuba, uwanja ukiwa umejaa, ipewe walau nusu saa. Na wale wanane wa mwaka huu, kama bado hawajapigiwa hiyo simu, wapigiwe wiki hii.

Muuguzi, mwanachama wa siku nyingi