Usafi wa msimbo wa fimwea upimwe kwa baiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na vijana wanaoandika programu, hasa wanaochangia miradi huria kama OpenWrt, ile fimwea (programu ya ndani inayoendesha kifaa) inayowekwa kwenye ruta badala ya iliyotoka nayo kiwandani. Kazi ambayo mgeni hupewa, au hujichagulia mwenyewe, mara nyingi ni kupanga upya msimbo wa zamani: kukata funksheni ndefu, kuondoa marudio, kubadili majina yasiyoeleweka. Huonekana kazi nyepesi, na wakaguzi wengi huisoma mara moja wakaipitisha. Kwenye zana zinazotengeneza faili la fimwea, kuisoma tu hakutoshi.

Zana zenyewe hazina makuu. Chukua mkimage ya U-Boot, au mktplinkfw na tplink-safeloader za OpenWrt. Zinapokea kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) na mfumo wa mafaili, zinaviwekea kichwa, yaani baiti za mwanzo zinazolieleza faili, zinajazia mapengo, zinapiga hesabu ya uhakiki (checksum), basi. Tatizo liko kwa anayepokea faili hilo: butiloda, programu ndogo inayoiwasha ruta, iliyochomwa kwenye chipu kiwandani, pengine miaka kumi iliyopita, ambayo hakuna atakayeirekebisha. Baiti moja ikihama, ruta italikataa faili, au italipokea na isiwake tena.

Nafuu ni kwamba kupanga upya ni dai linalopimika. Anayesema hajabadili tabia ya programu amesema kwamba ukiilisha vitu vilevile itatoa faili lilelile, baiti kwa baiti. Mkaguzi athibitishe hilo kwanza, ndipo aanze kusoma.

Jenga zana mara mbili kwa kompaila ileile, moja kabla ya mabadiliko na nyingine baada yake. Git worktree inakupa folda mbili bila kuvuruga kazi yako. Weka SOURCE_DATE_EPOCH, kigeu cha mazingira kinachoipa zana muda wa kuandika kwenye faili, kwenye namba moja isiyobadilika. Kisha tengeneza kerneli bandia, lakini usitumie faili la sifuri tupu. Sifuri zikisogezwa nafasi nane hubaki sifuri, na kosa linapita mbele yako ukiangalia. Amri ya seq 1 200000 ikikatwa kwa head -c 1048576 inakupa mebibaiti moja kamili isiyojirudia, na itatoka hivyohivyo kwenye mashine yoyote. Fanya vivyo hivyo kwa mfumo wa mafaili, kwa ukubwa tofauti. Zungusha zana zote mbili kwenye kila kifaa kilichomo katika jedwali la vifaa ndani ya zana, usiishie kwenye ruta uliyo nayo mezani, kisha linganisha orodha mbili za sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho ya kila faili.

Palipo na tofauti, cmp -l itakuonyesha baiti zipi. Kumbuka inahesabu nafasi kuanzia 1 na inaandika thamani kwa mfumo wa nane, jambo linalowapoteza wengi. Kichwa cha uImage, muundo wa faili linalotengenezwa na mkimage, kina baiti 64: nne za kwanza ni namba ya utambulisho 0x27051956, nne zinazofuata ni hesabu ya uhakiki ya kichwa chenyewe, kisha nne za muda. Kwa hiyo ukiona tofauti ndani ya nafasi ya 5 hadi 12 tu, usimlaumu mwandishi. Wewe ndiye uliyesahau kufunga muda kwa SOURCE_DATE_EPOCH.

Pima pia mipakani. Katika mktplinkfw, mpangilio wa ruta za flashi ya mebibaiti 4 una kikomo cha 0x3c0000, yaani baiti 3,932,160. Jaribu jumla inayofika hapo kamili, inayopungua baiti moja na inayozidi baiti moja, maana ulinganisho wa "kubwa kuliko" hugeuka "kubwa au sawa" mtu akihamisha mstari. Linalozidi lazima limalize kwa msimbo wa kosa na lisiache faili nyuma. Faili lililobaki nusu linaweza kudanganya make, programu inayosimamia ujenzi, kwamba kazi imekwisha.

Sasa mitego. Wa kwanza unatokana na mstari unaoonekana hauna kazi. Kwenye kichwa cha zamani cha TP-Link chenye baiti 512, hesabu ya uhakiki ya aina ya MD5, yenye baiti 16, inakaa kuanzia ofseti 0x4c, yaani baada ya baiti 76 za mwanzo. Kabla ya kuipiga, zana hunakili hapo baiti 16 maalumu ziitwazo chumvi, hupiga MD5 ya faili zima, kisha huandika jibu juu ya chumvi hiyo. Anayesafisha bila kujua huona sehemu moja inaandikwa mara mbili, akafuta uandishi wa kwanza. Msimbo unajengeka, faili linatoka, ukubwa ni uleule. Butiloda au ukurasa wa kiwandani unaokagua hesabu hiyo utalikataa. Mpangilio kama huo uko pia kwenye uImage: hesabu ya kichwa hupigwa wakati sehemu yake ni sifuri na sehemu nyingine zote zimeshajazwa. Ukijaza muda baada ya hesabu, U-Boot itakuandikia "Bad Header Checksum".

Mtego wa pili naona ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu msimbo unazidi kupendeza. Funksheni ndefu ina safu ya baiti 16 na sizeof yake, yaani ukubwa wake kwa baiti, ni 16. Ukiipeleka kwenye funksheni ndogo mpya, inakuwa kielekezi, yaani anwani tu ya safu hiyo, na sizeof kwenye kompyuta ya biti 64 inakuwa 8. Unanakili nusu ya MD5. Nusu ya pili inabaki chumvi. Kwa cmp -l utaiona wazi: nafasi ya 77 hadi 84 ziko sawa, za 85 hadi 92 zimekosewa. Kompaila huonya baadhi ya nyakati, ukiwasha -Wall. Pitisha urefu kama hoja ya pekee, au weka namba yenye jina.

Wa tatu ni kumbukumbu. Kigeu cha static katika C huanza na sifuri. Ukikihamishia ndani ya funksheni bila neno static, au ukaomba kumbukumbu kwa malloc, kinaanza na takataka, na takataka hizo zinaingia kwenye faili. Ubaya wake ni kwamba kumbukumbu mpya kutoka kwa mfumo wa uendeshaji mara nyingi ni sifuri, hivyo jaribio linafaulu kwako na kuanguka kwa mwenzako. Endesha tena ukiwa na MALLOC_PERTURB_=165 kwenye glibc, na jenga kwa -ftrivial-auto-var-init=pattern; zote mbili hujaza kumbukumbu hiyo kwa makusudi na thamani zisizo sifuri. Hapohapo angalia ujazo: flashi ya NOR iliyofutwa ni 0xff, kwa hiyo pengo lililokuwa 0xff likigeuka 0x00 si jambo dogo.

Kuna na usafi wa maandishi. Jina ndani ya uImage lina baiti 32, na halilazimiki kuishia na sifuri. Ukibadili strncpy kuwa snprintf, ambayo daima hutenga baiti ya mwisho kwa sifuri, ili kompaila inyamaze, jina la herufi 32 linapoteza ya mwisho. Kwenye tplink-safeloader, orodha za vifaa vinavyokubalika za baadhi ya ruta huvunja mistari kwa \r\n na nyingine kwa \n, na baiti inayofunga kila sehemu hutofautiana pia. Hakuna ubaya wa kuona uchafu huo ukaudhika, ila usiunyooshe. Fimwea ya kiwandani inausoma ulivyo.

Mpangilio wa baiti sina haja ya kuurefusha: anayefuta htonl, inayopanga baiti za namba kuanzia kubwa, kwenye mashine ya x86 atajulikana kwenye ulinganisho wa kwanza.

Baada ya baiti kulingana, ndipo usome, na hapo mwandishi anaweza kukurahisishia. Kuhamisha msimbo kuwe komiti (rekodi moja ya mabadiliko katika Git) yake, kubadili majina yake, na kila komiti ijengeke peke yake ili git bisect, inayosaka komiti iliyoleta kosa, isikwame. Kwa msomaji, git diff --color-moved inatenganisha mistari iliyohama tu na iliyoguswa.

Jaribio la ruta halisi linabaki, angalau moja kwa kila familia, na njia ya kurudi iandaliwe kabla. Kwa TL-WR841N toleo la 9, ni kompyuta yenye seva ya TFTP (njia rahisi ya kutuma mafaili) kwenye anwani 192.168.0.66 yenye faili wr841nv9_tp_recovery.bin, na kitufe cha kurudisha mipangilio kikishikiliwa wakati wa kuwasha. Ikishindikana, ni waya wa siriali wa volti 3.3 kwa kasi ya 115200, na usiunganishe pini ya umeme.

Atakayesema tunatia chumvi akumbuke Desemba 2024. Huduma ya OpenWrt inayowajengea watumiaji fimwea mtandaoni iligundulika kuwa inakata SHA-256, alama inayotambulisha kila ombi la fimwea, hadi herufi 12 kati ya 64. Kukatisha kamba ni mstari mmoja tu wa msimbo, na haukosi kupendeza machoni. Uliacha mwanya wa mtu kupewa faili lisilo lake.

Swali linalobaki ni ulinganisho ukionyesha kwamba msimbo wa zamani ndio uliokuwa na kosa. Hutokea. Mwandishi asilifiche ndani ya usafi. Alirekebishe kwenye komiti ya peke yake, aandike ni baiti zipi zinabadilika na kwa vifaa gani, na komiti hiyo itangulie zile za usafi. Ikitangulia, wanaotunza toleo imara wanaweza kuichukua hiyo tu. Ikifuata, itawabidi kuburuta mabadiliko yote yaliyo kabla yake.

Wako,
Mwandishi wa programu za ruta,
Dar es Salaam