Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Vipindi vya Jumamosi vya kuwafundisha wanafunzi wa sekondari anatomia kwa vitendo hapa hospitalini vimeendelea kama mnavyovijua: vipindi 14, shule 9, figo, mapafu, macho, mifupa. Hospitali ilitupa chumba na maji, tunaishukuru. Hayo yanatosha, maana mlikuwepo, au mlipaswa kuwepo.

Nije kwenye suala la moyo wa ng'ombe, ambao sasa wanafunzi wanaupasua badala ya kutazama viungo vya binadamu, kwa kuwa najua ndilo lililowaleta wengi leo. Imesemwa kwamba mwenyekiti amegeuza chama kuwa bucha, na kwamba aliamua peke yake. Hilo la pili lina ukweli wake. Mkutano wa kulijadili niliuitisha mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa 9, mara ya pili 12, na wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango. Akidi yetu ni 31. Kipindi kilikuwa kesho yake asubuhi. Mlitaka niwarudishe watoto getini?

Kabla ya hapo tulikuwa tukiwapitisha mbele ya viungo vya binadamu kwenye chupa za fomalini, dawa ya kuvihifadhi visioze. Waliotoa miili yao, au ndugu waliokubali kwa niaba yao, walitaka madaktari wasomee. Sijaona karatasi yoyote inayotaja wageni wa Jumamosi. Tena fomaldehaidi iliyomo inachoma macho, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliihesabu miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na chupa haiguswi. Mtoto anatazama, anakunja uso, anasogea.

Moyo wa ng'ombe anaushika. Anatia kidole kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, anamimina maji humo, vali, yaani kilango chake, inajifunga na maji yanatuama. Akiupasua, anaona jinsi ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo, ulivyo mnene kuliko wa kulia, bila mtu kumwambia.

Mwenzetu mmoja amelalamika kwa maandishi, kurasa tatu, kwamba moyo huo una kilo mbili na ushee ilhali wa mtu ni kama gramu 300, na kwamba ndani una mfupa, kwa hiyo tunafundisha uongo. Siku ya huo mfupa nilikuwepo. Kisu cha binti mmoja kiligonga kitu kigumu kwenye shina la aota, akainua macho. Kijana wetu wa mwaka wa pili aliyeongoza meza alinyamaza. Mimi ndiye niliyeeleza kwamba ng'ombe ana kimfupa pale karibu na vali, na binadamu mahali hapo ana tishu ngumu tu. Meza zote nne zikaanza kutafuta vimfupa vyao. Kama huo ni uongo, basi niletewe mwingine. Moyo wa nguruwe unakaribia zaidi wa mtu kwa ukubwa, nalijua hilo bila kukumbushwa. Ila wapo wasioweza kuugusa, na somo letu ni la kugusa.

Sasa ada. Wanachama 61, waliolipa 22, walioahidi kulipa "wiki ijayo" 17, waliobaki hawapokei simu. Glavu za muhula wa mwisho nilinunua kwa fedha zangu, na ndoo niliosha mwenyewe. Mweka hazina ni shahidi, ingawa alisimama mlangoni akiziba pua. Aliyeandika kurasa tatu yumo kwenye wale 17.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata darubini, na pengine kushirikiana na idara nyingine, mazungumzo yanaendelea.

Mwisho, kiunzi chetu cha plastiki. Mkono wa kulia, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27 kama inavyotakiwa. Wa kushoto umebaki na 24. Aliyeazima mitatu kwa ajili ya kujisomea mtihani airudishe kwa katibu, hataulizwa.

Mwenyekiti