Viumbe wa Wells walikuwa vibarua

Mhariri,

Miaka kumi na tisa nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia. Makala ya Jumamosi kuhusu riwaya za mwanzo za kisayansi imenishinda kunyamazia. Morlocks, wale viumbe wa chini ya ardhi katika riwaya ya H. G. Wells, The Time Machine, mmewaita mazimwi, mkapita. Hamkusema kwamba mazimwi hao ni vitukuu vya vibarua.

Kitabu kilitoka mwaka 1895, na msimulizi wake, mtu aliyesafiri hadi zama za mbali zijazo, anakisia waziwazi: matajiri walibaki juu kwenye jua, wakalegea mwili na akili, ndio Eloi; mafukara wakasukumwa chini pamoja na mashine, kizazi hadi kizazi, hata macho yao yakakataa mwanga, ndio Morlocks. Mfano anautoa London ya wakati ule, iliyokwisha kuwa na reli na karakana chini ya ardhi. Wells aliyajua hayo. Mama yake alisimamia watumishi katika jumba la Uppark, Sussex, lenye mahandaki ya kupitia watumishi. Yeye mwenyewe, akiwa kijana, aliwekwa kwa muuza vitambaa, akafanya kazi saa 13 kwa siku.

Mimi nimefua mashuka miaka kumi na moja chini ya hoteli moja kubwa, chumba hakina hata dirisha. Siku moja lifti yetu iliharibika, nikapanda na mzigo wangu katika lifti ya wageni. Bibi mmoja alijibana ukutani asiniguse. Jioni nikakatwa ujira wa siku mbili, nikaambiwa wageni hawakuja kututazama sisi. Na usiku ule bibi yule alilalia shuka nililolifua kwa mikono hii! Nilipofika pale Wells anaposema huenda Morlocks bado wanawatengenezea Eloi nguo, kwa mazoea tu ya utumishi wa kale, nilifunga kitabu nikalia. Hapo ndipo penye kitabu chote, na mwandishi wenu amepapita.

Halafu ile picha ya roboti wa bati mliyoiweka kwenye makala. Neno roboti limetoka katika tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya shokoa, kazi ya kulazimishwa. Roboti wake si wa chuma. Wana miili kama yetu, iliyotengenezwa kiwandani ili ifanye kazi.

Safari ijayo kitabu cha namna hii mpeni mfuaji, mpishi au kuli wa bandarini akisome. Mlipeni sawa na mwandishi wenu, mchape maneno yake kama alivyoyaandika. Nakala ya Wells ninayo. Naweza kuanza Jumamosi hii.

Mfuaji mstaafu,
Mombasa