Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, Tanga

Wanachama wenzangu, asalaam aleikum na habari za leo. Hesabu atazisoma mhazini, ada mnaodaiwa mnajijua, mi niende kwenye init ya Linux, mfumo wa bure tunaoutia kwenye laptopu zetu, maana ndo imetuchosha mwaka mzima.

Kwa wageni wa Pongwe na Muheza mliojiunga juzijuzi, init ndo programu ya kwanza inayoamshwa na kernel, yaani kiini cha mfumo, ukiwasha mashine, prosesi namba 1, nayo ndo inawaamsha wenzake wote, ikifa hiyo basi mashine nzima chali. Debian, moja ya Linux kubwa, walivyoamua 2014 kuifanya systemd, init yenye mambo mengi, ndo ya kawaida kuna waliogoma, mwaka uleule wakajitenga na kuanzisha Devuan, toleo lao kamili la kwanza likatoka 2017. Ugomvi huo sio wetu jamani, wanaokuja kila kikao na habari kwamba systemd ni shetani nawaomba wapumzike. Na tusidanganyane, init peke yake haikuokolei ramu ya maana, laptopu zetu za mtumba zinapumua kwa sababu antiX, Linux nyepesi tunayoitumia, inakuja na IceWM, mpangilio mwepesi wa madirisha kwenye skrini, badala ya madoido ya GNOME iliyo nzito, ndo maana wenyewe wanasema hata Pentium III ya ramu MB 256 inaweza kusukuma, ila uweke swap, yaani sehemu ya diski ya kuisaidia ramu.

Sasa runit, init nyingine ndogo, naipendea nini? Inasomeka. Kila huduma, yaani programu inayofanya kazi chinichini, ina folda yake, ndani kuna faili la run, mara nyingi mistari michache tu ya amri za shell, kijana wa steshenari pale Ngamiani printa ikigoma kuchapa na wateja wamejaa mlangoni analifungua mwenyewe anaona kinachoanzishwa ni nini, anapiga sv restart na jina la huduma kuianzisha upya, kazi inaendelea, haiti fundi. Na huduma ikianguka yenyewe, runsv, mlinzi wake ndani ya runit, anainyanyua tena.

Kinachoninyima raha ni 32-biti, yaani zile laptopu zenye prosesa za zamani. Debian 13 imetoka Agosti 2025 bila kernel wala kisakinishi cha 32-biti. antiX 23 imejengwa juu ya Debian 12, na hiyo hata msaada wake mrefu unaishia 2028. Alpine, Linux nyingine, bado wanazo za 32-biti na wanatumia OpenRC, init yao, nyepesi kwelikweli, ila Alpine ina musl badala ya glibc, maktaba ya msingi ambayo programu nyingi huitegemea, kwa hiyo programu kadhaa za kushusha zikiwa tayari zitakugomea. Upande wa pili, Windows 10 imekatiwa msaada Oktoba 14, 2025, watu wanataka kutupa laptopu nzima kabisa za 64-biti, mi naona tuzichukue hizo na za 32-biti tuziache zizeeke taratibu bila kuongeza nyingine. Kura leo hii kabla ya chai.

Halafu mwenye hadidiski ya giga 500 anayoikalia bure anione, nataka tushushe ghala zima la programu za Debian 12 la 32-biti kwa bando la usiku, tugawane.