"Haipenyi maji" ni maji gani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Wiki mbili zilizopita mlichapa makala kwa vijana wanaotaka kupiga picha baharini, na mwandishi akawaambia wasihangaike na kamera: simu isiyopenya maji inatosha. Mimi ni mwongoza wageni hapa Kilindoni, Mafia, na simu ya aina hiyo imeshanila hela.

Niliinunua Dar kwa akiba ya msimu mzima. Muuzaji aliichovya kwenye beseni mbele yangu, ikatoka inawaka, nikalipa. Siku ya tatu niliruka nayo kutoka kwenye boti, Ghuba ya Chole. Chini ya maji kioo hakikusikia kidole. Kikawa kinajibonyeza chenyewe, kinafungua hiki na kufunga kile. Jioni ikazima. Nilipoirudisha, muuzaji akanisomea kikaratasi cha ndani ya boksi: mita 1.5, dakika 30, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Bahari haimo. Na mimi kosa langu lipo, kikaratasi nilikuwa nacho tangu mwanzo.

Baadaye nikapata GoPro iliyotumika, kamera ndogo ya kuzama nayo, HERO5 Black ya mwaka 2016. Ikiwa mpya inahimili mita 10 bila kasha la kuzuia maji, lakini usiamini mipira inayoziba milango ya kamera iliyokwisha kupita mikono ya watu. Nikaongeza kasha lake. Kwa anayeanza na hana fedha, hiyo ndiyo njia ningemwonyesha. Papa potwe, wale papa wakubwa wanaokula vijidudu vya majini, wanaofika kwetu kuanzia Oktoba hadi Februari huja kufuata chakula, na maji yenye chakula huwa mazito kama uji. Ukikaa mbali unapiga picha ya uji. Lenzi pana ya kamera ndogo kama hii inakuruhusu kusogea karibu na bado mnyama akaenea, ingawa kumgusa ni marufuku, na flashi huna haja nayo: inamulika vumbi la majini tu, picha inajaa nukta nyeupe. Anayependa vidudu vya kwenye matumbawe atafute kamera ya Olympus TG-6, inaona kitu kilicho sentimita 1 mbele ya lenzi, ila bei yake si ya kuanzia.

Chujio jekundu la kuweka mbele ya lenzi kurudisha rangi pia wengi wanauziwa mapema. Kweli bahari hula rangi nyekundu kwanza. Kamba yangu nyekundu ya mguuni, nikizama nayo mita chache, inageuka rangi ya matope. Lakini sisi tunaozama kwa pumzi moja hatukai huko. Saa nne asubuhi, kaskazi imetulia, jua juu, mita mbili au tatu: rangi zipo zenyewe.

Fedha ya chujio wanunue grisi ya silikoni na oringi ya akiba, ile pete nyembamba ya mpira inayozunguka mlango wa kasha. Kabla ya kuweka kamera ndani, mimi hufunga tishu kavu kwenye kasha tupu, nalitia kwenye wavu pamoja na jiwe, nalishusha kwa mshipi hadi chini, navuta sigara moja (mke wangu asisome hapa), kisha nalipandisha. Mara ya kwanza tishu ilitoka na kona moja imelowa, upana wa ukucha. Nikaikagua oringi juani: unywele mmoja wa paka. Kama kamera ingekuwamo, ningekuwa nimezika ya pili.

Kasha nalifunga nyumbani, kivulini, si botini penye unyevu, na ndani natia kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja na viatu vipya, lenzi isifanye ukungu. Nikirudi, kasha linalala nusu saa kwenye ndoo ya maji ya mvua kabla sijalifungua. Chumvi ikikauka kwenye kitufe, kitabonyea kisirudi.

Kwa hiyo, mhariri, mkirudia makala ile, waambieni vijana wamuulize muuzaji mita ngapi, dakika ngapi, na maji gani. Beseni si jibu.

Simu yangu bado ninayo. Binti yangu anaitumia kama kioo cha kujitazamia akifunga mtandio.

Mwongoza wageni,
Kilindoni, Mafia