Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mafaili ya Magari Yetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, na shemeji zetu mnaovumilia gereji zilizojaa vyuma, karibuni Columbus, hapa Marekani, kwenye mkutano wa chama chetu cha magari ya zamani.

Nianze na mepesi. Tunafunga mwaka tukiwa wanachama 31. Waliolipa ada ni 22, na majina ya waliobaki anayo mweka hazina. Akiwapigia simu msijifanye mko barabarani. Mwezi wa Agosti tulipeleka magari manne Michigan kwenye msafara wa magari ya zamani wa Woodward Avenue, na moja likachemka kabla ya saa sita mchana. Mwenyewe yumo humu ukumbini na anacheka, basi na sisi tucheke.

Kilichokula mwaka wetu ni Pontiac nyekundu ya mwenzetu. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Machi alinunua GTO ya 1966, Pontiac ya mbio inayotafutwa sana, kutoka kwa mtu wa jimbo jingine, kwa kuangalia picha na kuongea kwenye simu. Ikaletwa juu ya lori, tukaipokea kwa vigelegele, tukaanza kuiosha. Kijana wa katibu wetu, ana miaka 16, akainama kwenye nguzo ya mlango wa dereva, akasoma kibati cha namba ya utambulisho iliyopigwa kiwandani, akauliza, "Mjomba, mbona hii inaanza na 237?" Nikanyamaza. Wote wanaozijua Pontiac walinyamaza.

Kwa wageni nieleze. Mwaka 1964 na 1965, GTO haikuwa gari la kujitegemea. Ilikuwa nyongeza ambayo mteja aliiagiza juu ya LeMans au Tempest, Pontiac za kawaida, kwa hiyo namba ya gari peke yake haithibitishi kitu. Kuanzia 1966 ikapewa mwanzo wake, 242. Gari la 1966 lenye 237 ni LeMans, hata ulibandike herufi za GTO hadi kwenye paa. Nakala za kumbukumbu za kiwanda cha Pontiac zipo na huagizwa kwa ada ndogo. Zingemaliza ubishi kabla pesa hazijatoka benki. Muuzaji alipopigiwa alisema naye aliuziwa hivyo hivyo, kisha simu yake haikupokelewa tena. Inawezekana kabisa anasema kweli. Uongo wa gari haulazimiki kusemwa na kila mmiliki. Unamtosha mmoja, waliobaki wanaupokezana.

Ndipo kamati ikaamua kikao cha Juni kisiwe cha injini, kiwe cha karatasi, na mfano tukauchukua kwenye Ford Mustang ya kijani ambayo wengi wenu mnaijua kwa sura lakini si kwa safari yake.

Namba yake ni 8R02S125559. Ile 8 ni mwaka 1968, R ni kiwanda cha San Jose, California, 02 ni bodi yenye mgongo wa mteremko, S ni injini ya inchi za ujazo 390, na zinazobaki ni namba yake katika mfululizo. Pacha wake ni 125558. Yote mawili yalikwenda studio ya Warner Bros. kutengenezea filamu ya Bullitt, mwigizaji Steve McQueen akiwa kwenye usukani. Lile pacha lilirushwa kwenye vilima vya San Francisco hadi likachakaa, likaja kuonekana tena 2017 huko Baja California, Mexico, limebaki gofu.

Hili la 559 liliuzwa kwa mfanyakazi wa studio, mtu wa idara ya uhariri. Mwaka 1970 likaenda kwa askari mpelelezi wa New Jersey. Mwaka 1974 mpelelezi akalitangaza kwenye jarida la magari, na baba mmoja kijana akalilipia dola 6,000. Mkewe, mwalimu, akawa analiendesha kwenda kufundisha. Hebu fikirini: gari hilo linaegeshwa nje ya shule kama gari lolote! Desemba 1977 McQueen mwenyewe akaandika barua kuomba arudishiwe, akaahidi kumtafutia yule baba Mustang nyingine inayofanana, mradi bei isizidi kiasi. Baba hakuuza. Mwaka 1980 klachi ikafa, maili zikiwa kama 65,000, gari likawekwa. Familia ikahama mpaka Tennessee nalo likahama. Baba akafariki 2014, mwanawe akarithi, na Januari 2018 akalitoa hadharani kwenye maonyesho ya Detroit, na kutu yake, na rangi yake iliyofifia. Januari 2020 likapigwa mnada Kissimmee, Florida. Nyundo iliangukia dola milioni 3.4, ukiongeza ada ya mnada, mnunuzi alilipa milioni 3.74.

Sasa, Mustang za 1968 za kijani zenye injini ya 390, zilizopakwa rangi mpya zikang'aa kama kioo, zipo nyingi na bei zake mnazijua. Mnunuzi yule alilipia mfululizo wa wamiliki usio na pengo, vishikio vya kamera vilivyochomelewa chini ya bodi ambavyo hakuna aliyevikata, na ile barua. Watu humsifu baba yule kwa kumkatalia McQueen. Mimi namsifu zaidi kwa kutoitupa barua.

Najua mzee mmoja hapa atasema hiyo ni bahati ya sinema. Ni kweli, Mzee. Lakini tazameni tunavyohangaika sisi wengine. Namba za tarakimu 17 zilianza 1981, na huduma za kuuza historia za magari zimejengwa juu ya namba hizo. Magari yetu yote ni ya kabla. Sheria ya shirikisho ya 1994 ya faragha ya madereva inazibana ofisi za usajili zisitoe ovyo majina ya wamiliki wa zamani. Kwa hiyo hati ya umiliki, ile ambayo Tanzania tunaiita kadi ya gari, inakueleza aliyekuuzia na basi. Wengine utawapata kwa risiti za mafuta ya injini, kadi kuu kuu za bima, au kwa kugonga mlango wa jirani wa marehemu.

Zipo njia za kila kampuni, na tumezijaribu. Wenye Ford za 1967 na kuendelea hupata taarifa za uzalishaji kwa kampuni ya Marti Auto Works, Arizona. Wenye Chevrolet Corvette za kuanzia 1967 hutafuta karatasi ya kiwandani iliyogandishwa juu ya tangi la mafuta, na ole wako tangi likiwa limebadilishwa. Mzee wetu wa Dodge Charger alifungua kiti cha nyuma Septemba akakuta karatasi ya kiwandani imekaa kwenye springi, panya wameila pembeni lakini namba imesalimika. Alinipigia simu saa tano usiku. Sikumlaumu.

Mafaili ya historia ya magari yetu yaliyokamilika ni 9 tu. Wengine mnasema mtaleta, wengine hamtaki bei mliyonunulia ijulikane nyumbani. Ifuteni bei kwa wino, leteni karatasi. Nami sina usafi wa kuwasema sana: nilipohama nyumba nilitupa bahasha nzima ya risiti za gari langu, Mercury Cougar, nikidhani ni takataka, na mmiliki wa pili alikuwa humo. Leo faili langu lina pengo la miaka 11.

Limebaki la kupigia kura. Pontiac ya mwenzetu iingie kwenye maonyesho yetu ya Mei, au isiingie? Kamati imegawanyika. Upande wangu, iingie, na kibao mbele yake kiandikwe "LeMans, 1966", kwa sababu ni LeMans nzuri na haijamdanganya mtu yeyote. Waliodanganya ni watu. Mwenyewe ameshazing'oa herufi zile tatu. Amezileta leo ndani ya kopo la kahawa, ziko mezani kwa katibu, anayetaka kuziona akazione. Kura ni baada ya chakula.