Nyota ya Bama si medali ya ushujaa, na Malkia hakuwapo

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi ambazo lilikuwa likifika Iringa siku ya pili, limeshakunjwakunjwa na kondakta. Mengi nimeyameza. Mmeshawahi kumhamisha mkuu wa wilaya kwa kalamu tu, mkamfufua marehemu katika matokeo ya uchaguzi, nikanyamaza. Ila ile habari ya mzee wa Njombe na nishani zake, ukurasa wa tano, imenishinda.

Maelezo ya picha yanadai mzee anaonyesha medali ya ushujaa aliyovishwa na Malkia wa Uingereza kwa kuwapiga Wajerumani. Sentensi moja, makosa matatu, na picha iko hapo juu yake inawasuta. Aliyoishika mzee ni nyota ya shaba yenye ncha sita. Katikati ina taji na herufi za Mfalme George wa Sita. Elizabeth alirithi kiti mwaka 1952, miaka saba baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha. Utepe wa nyota hiyo ni wa buluu nzito, katikati umepasuliwa na mstari mpana mwekundu, na kila upande una mstari mwembamba wa rangi ya chungwa. Hiyo ni Nyota ya Bama. Huko Bama, siku hizi Myanmar, adui alikuwa Mjapani. Kama ni Wajerumani waliopigwa kule, basi Hitler alikuwa na shamba la mpunga Mandalay na sisi hatukuambiwa.

Wala si ya ushujaa. Ilitolewa kwa askari aliyepelekwa kwenye vita vile kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945, awe mpiga mzinga, dereva au mpishi. Ya ushujaa waliyopewa askari wetu ilikuwa nyingine kabisa: ya duara, ya fedha, utepe wa buluu nzito wenye mistari myeupe na myekundu katikati. Wapo askari wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) walioipata, na kwa kuigawa ovyo ukurasa wa tano mmewadhulumu na wao. Picha mliichapa kwa rangi, kwa hiyo hata kisingizio cha wino hamna.

Najua mtasema mzee wa watu amefurahi kuitwa shujaa, huyu wa Iringa anataka nini. Nataka hivi. Marehemu baba yangu alikuwa batalioni ya 36 KAR, moja ya batalioni mbili za Tanganyika zilizokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye kichwa cha kifaru begani. Walipelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha mwaka 1944 wakaingizwa Bonde la Kabaw huko Bama katikati ya masika ya kule, matope hadi magotini, malaria na homa ya tifasi ya utitiri wa vichakani zikichukua watu sambamba na risasi, mpaka mji wa Kalewa ukashikwa Desemba. Wenzao wa mizinga waliotoka Mombasa Februari ya mwaka huohuo hawakufika hata Ceylon: meli yao, Khedive Ismail, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi na watu 1,297 wakafa. Haya, vita vikaisha. Mwaka 2019 waandishi (wapo waandishi wanaofukua nyaraka, Mhariri) walionyesha kwamba kiinua mgongo cha kutoka jeshini kilikuwa kimepangwa kwa rangi ya ngozi, mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Mshahara haukuwa sawa, mgawo wa chakula haukuwa sawa. Utepe ndio kitu pekee kilichokuwa sawa. Nyota ya kanali na nyota ya baba yangu zilitoka kwenye kalibu moja, na kitambaa cha rangi zilezile. Ndiyo maana sikubali mtu auchezee.

Nao umechezewa, mikononi mwangu mwenyewe. Nyota ya baba ilikaa miaka yote ndani ya kopo la majani ya chai, utepe ukiwa umefifia, una doa la jasho au la mafuta, hatukuwahi kujua. Siku ya Mashujaa ilipokaribia nikaona niitie kwenye fremu, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini ambaye kazi yake ni vyeti na picha za harusi. Niliporudi kuichukua nilikuta fremu ina nakshi za dhahabu, nyota imesuguliwa inang'aa kama kijiko cha hotelini, na juu yake umening'inia utepe wa kijani, njano, nyeusi na buluu, ile ya bendera ambayo vijana hufunga kwenye vioo vya magari timu ya taifa ikicheza. Nikauliza ule wa zamani uko wapi. "Mzee, ule ulikuwa umechakaa, nimekuwekea wa kizalendo." Uko wapi? Umekwenda na takataka, na takataka zimeshachomwa. Na kwenye risiti ameandika utepe, elfu tatu! Baba yangu alivuka bahari na mto Chindwin na kitu kile hakikupotea. Kimekuja kupotelea Iringa mjini, nyuma ya duka, kwenye pipa lililokatwa, halafu nidaiwe. Mpwa wangu niliyekwenda naye akasema mbona huu unapendeza zaidi. Ana shahada ya historia.

Huyo fundi sikumlaumu sana kuliko nilivyomlaumu aliyemfundisha kwamba utepe ni pambo, na waliomfundisha ni nyinyi pamoja na mahoteli. Nenda hoteli yoyote kubwa, utamkuta bawabu amevaa koti la kijenerali, kifuani safu mbili za tepe. Niliwahi kumuuliza mmoja zile ni za vita gani. Akanijibu kwa adabu kwamba zilikuja na sare. Kwenye harusi siku hizi kuna vijana wa paredi wanaompigia bibi harusi saluti, na kiongozi wao ana nishani nyingi kuliko waliokomboa Kagera. Wakati huohuo kijana wa JWTZ anakaa Kongo siku tisini ndipo astahili medali ya Umoja wa Mataifa, na kila misheni ina utepe wake, ili anayejua kusoma ajue huyu alikuwa wapi. Tulizika vijana 14 waliouawa Semuliki, huko Kongo, Desemba 2017. Halafu bawabu anazipata pamoja na sare!

Hata Waingereza, kwa ubahili wao wote, waliheshimu mipaka ya kitu hiki. Askari wetu wa 6 KAR waliopigana Madagaska mwaka 1942 hawakupewa Nyota ya Afrika, dada yake Nyota ya Bama, kwa vita vile, kwa sababu kisiwa kile hakikuwa kwenye orodha. Unaweza kukasirika, nami hukasirika, lakini walau mtu alikaa chini akaandika orodha. Nyinyi mmeshindwa kutazama picha mliyoipiga wenyewe.

Sasa dawa yake. Baada ya mkasa wa fundi, kijana wa jirani yangu anayeishi Leicester, Uingereza, aliniletea utepe wa Bama, huko unauzwa kwa mita, upana wake sentimita 3.2. Nimeshakata wa baba, kilichobaki nitakiweka ndani ya bahasha pamoja na barua hii. Naomba kibandikwe ukutani juu ya kompyuta ya yule anayeandika maelezo ya picha. Kisibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ambako kitafunikwa na ratiba ya zamu na kadi za michango ya harusi. Asipokielewa, apelekwe kozi ya siku moja kwa bawabu.

Masahihisho yatoke ukurasa wa tano, ukubwa uleule wa picha, yasifichwe chini ya chemsha bongo. Na nakala mpelekeeni yule mzee kwa mkono. Kijijini kwake gazeti halifiki, na mwandishi wenu njia anaijua.

Mtoto wa Keya,
Iringa